Jina la Jacqueline

Honorata hakuwa mtu wa sinema. Kazi yake ya kusimamia wasafisha vyumba katika hoteli moja ya Alexandria, karibu na Washington, ilimrudisha nyumbani na miguu iliyovimba, akitamani kitanda tu. Lakini rafiki yake Akilah alikuwa amemng'ang'ania wiki nzima. Akilah alikuwa Mmarekani Mweusi, mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari, aliyejifunza Kiswahili chuoni na kukipenda mno. Alikizungumza kwa usanifu uliowafanya Watanzania wa Washington wacheke kwanza, kisha wajirekebishe.

"Ni filamu ya Kifaransa, hadithi ya uhalifu na ya mambo ya moyoni," Akilah alimwambia kwenye simu. "Imetokana na riwaya iliyopata tuzo kwao. Na ndani yake, Dada Honorata, kuna Kiswahili! Yaya ndiye mhusika mkuu, naye anatoka Tanzania. Mwandishi mwenyewe atakuwepo, tutamuuliza maswali."

"Haya, nitakuja," Honorata alisema. "Ila nikisinzia usiniamshe."

Ilikuwa Jumamosi alasiri, mwaka 2007, katika ukumbi mdogo wa sinema mjini Washington uliojaa watu wa mitandio ya hariri na miwani ya bei mbaya. Filamu iliitwa *Maji ya Jumapili*. Honorata hakujua Kifaransa, akawa anafuata maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Mwanzoni alijikuta anacheka. Mwigizaji aliyecheza yaya alitamka Kiswahili kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, na Akilah alimfinya mkono anyamaze.

Kisha kicheko kikakauka chenyewe. Nyumba ya kwenye filamu ilikuwa na ngazi ya kujizungusha kama konokono, ya chuma, iliyopakwa rangi nyeupe. Nyuma yake kulikuwa na bwawa la kuogelea, na dirisha refu ghorofani lililotazama bwawa lile. Yaya aliitwa Joséphine. Alikuwa na kovu chini ya mdomo, upande wa kushoto, na kila alipofikiri aliligusa kwa kidole.

Honorata aliijua nyumba ile. Aliijua ngazi, alijua dirisha, na kovu lile alikuwepo lilipopatikana, Bukoba, siku mdogo wake Jacqueline alipoanguka na baiskeli ya baba yao akiteremka mlima wa Kashozi. Kugusa kovu kwa kidole ndivyo Jacqueline alivyofikiri mpaka leo.

Alikaa sawasawa kitini. Alitazama jinsi Joséphine alivyomchukia taratibu mtoto aliyemlea, mtoto wa miaka minne mwenye nywele za dhahabu. Alitazama jinsi alivyomfundisha maneno ya Kiswahili ambayo mama yake hakuyaelewa, na jinsi maneno yale yalivyopigiwa muziki wa chini chini, wa kutisha, kana kwamba "njoo", "kula" na "lala" yalikuwa maapizo ya kichawi. Na siku ya Jumapili Joséphine alipojidai kaenda kanisani, Honorata alimwona kwenye skrini amesimama kwenye dirisha refu, anamtazama mtoto akiteleza ndani ya maji. Hakukimbia. Hakupiga kelele. Aliimba.

*Lala, kadogo, lala, mama yuko njiani. Ana senene kapuni, zako ni za kwanza.*

Chini ya picha hapakuwa na tafsiri. Waliandika tu kwamba anaimba kwa lugha ya Kiafrika. Mwanamke wa kiti cha nyuma alinong'ona, "Mungu wangu, inatisha," na mwenzake akajibu kwamba ngozi imemsisimka.

Wimbo ule haukuwa wa redio wala wa kitabu. Mama yao aliutunga mwenyewe, msimu wa senene, wale panzi wanaoliwa kwao Bukoba, akiwabembeleza wanawe mmoja baada ya mwingine. Honorata aliushika mkono wa kiti mpaka vidole vikamuuma. Walikuwa wamemchukua mama yake, aliyelala kaburini Bukoba, wakamweka kinywani mwa muuaji.

"Akilah," alisema kwa sauti ya kawaida, bila kunong'ona, watu wakageuka. "Huyo mwandishi anaitwa nani?"

"Solène Gaudry. Vipi, dada, kuna nini?"

Honorata hakuwa amelisikia jina lile kwa miaka kumi.

Miaka kumi nyuma, Jacqueline alikuwa yaya nyumbani kwa Madame Gaudry, Bethesda. Mume wa Madame alikuwa na cheo katika shirika moja la kimataifa na muda mwingi alikuwa safarini. Mtoto wao aliitwa Bastien. Jacqueline alimpokea akiwa bado anatambaa, akawa anamlaza kwa wimbo wa mama yao, na alipotimiza miaka minne aliongea Kiswahili zaidi kuliko Kifaransa. Akimwona Honorata mlangoni alipiga kelele, "Shikamoo, mama mkubwa!" na kumkimbilia miguuni.

Jumapili ilikuwa siku ya mapumziko ya Jacqueline. Jumapili ile walikwenda misa pamoja, wakakaa benchi moja, na baada ya misa wakabaki kula pilau la ubatizo wa mtoto wa rafiki yao. Walipofika Bethesda jioni, magari ya polisi yalikuwa yameziba njia. Bastien alikuwa amezama bwawani. Aliyekuwa nyumbani ni mama yake peke yake.

Hata hivyo, aliyehojiwa ni Jacqueline. Alihojiwa mara nyingi, katika chumba kisicho na dirisha, akiulizwa kama alikuwa na kinyongo, kama alipenda kazi yake, kama aliacha mlango wa bwawa wazi kabla ya kuondoka. Padri alikwenda kushuhudia, Honorata alikwenda, mama wa mtoto aliyebatizwa alikwenda na picha za siku ile. Mwishowe polisi walisema ni ajali, wakamwachia. Akina Gaudry walirudi kwao Ufaransa bila kumuaga. Jacqueline hakulilia kazi. Alimlilia mtoto yule mpaka Honorata akaogopa atapoteza akili, na alipopona alimshika dada yake mikono na kumwambia, "Dada, jambo hili lizikwe. Asilijue mtu." Baadaye alihamia Gaithersburg, akaolewa na Method, fundi wa kompyuta mtaratibu, akafungua kituo cha kulelea watoto nyumbani kwake. Hata Method hakuwahi kuambiwa.

Taa za ukumbi ziliwaka. Watu wakapiga makofi. Madame Gaudry akapanda jukwaani, mwembamba, nywele zimekuwa nyeupe, ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili. Aliongea Kiingereza safi. Alisema riwaya ni kazi ya kubuni, lakini kila mbegu ina udongo wake. "Niliwahi kuishi mji huu," alisema. "Palikuwa na mwanamke nyumbani kwangu. Mpole sana. Mpaka leo najiuliza alikuwa anawaza nini nyuma ya ule upole."

Hapo Honorata alisimama. Hakungoja kuletewa kipaza sauti.

Kiingereza chake kilikuwa cha kutosha kazini, lakini hasira iliyompanda haikupita kwenye Kiingereza. Ilitoka kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde, na Akilah, uso umempauka, akasimama kando yake na kutafsiri sentensi baada ya sentensi.

"Mwongo! Unajiuliza alikuwa anawaza nini? Alikuwa kanisani! Alikaa na mimi benchi moja, tunamwomba Mungu, wewe uko nyumbani na mtoto wako! Huyo mwanamke ana jina. Si Joséphine. Anaitwa Jacqueline Rutashobya, ni mdogo wangu wa tumbo moja, na mpaka leo kule Gaithersburg wazazi wanamwachia watoto wao awalee, kwa sababu ni mtu mwema! Na wimbo huo ni wa mama yangu. Maneno yake yanasema mama anakuja na chakula. Ninyi mmekaa hapa mnatetemeka kwa sababu ya bembelezo la mtoto!"

Halafu mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata, wale wale waliokuwa wamepigia makofi filamu. Madame Gaudry alimtazama Honorata. Alimtambua. Alifungua mdomo akasema, "Ni riwaya tu, bibi," na sauti ikamkatikia. Waandaaji wakamtoa kwa mlango wa pembeni.

Honorata alitoka pale amesimama wima kama mtu aliyetua mzigo. Katika treni alimsimulia Akilah yote, na moyoni alikuwa anapanga namna atakavyomsimulia Jacqueline: uso wa Madame ulivyokuwa, watu walivyopiga makofi. Hakumbuki kama alifikiria jambo jingine.

Hakuwahi kuyasimulia. Mwandishi mmoja wa gazeti alikuwa ukumbini, na kabla ya Jumatatu kwisha kisa kizima kilikuwa kwenye mtandao, na jina la Jacqueline, na Gaithersburg, na kituo cha watoto. Watanzania wakatumiana kwa barua pepe. Kichwa cha habari kiliuliza, "Ni yeye yaya wa kwenye filamu?" na watu wengi hawakusoma zaidi ya kichwa.

Jumanne Honorata aliazima gari la Akilah akapanda barabara ya 270 kwenda Gaithersburg. Simu zake hazikuwa zimepokelewa. Alipofika, Jacqueline alifungua mlango, akageuka, akarudi jikoni bila kusalimia. Sebuleni ambako kwa kawaida pangekuwa na vurugu ya vitoto, palikuwa na watoto watatu tu, wamelala kwenye magodoro yao madogo.

"Wengine wako wapi?" Honorata aliuliza.

"Unaniuliza mimi tena?" Jacqueline aliweka sufuria kwenye jiko kwa kishindo, kisha akawakumbuka watoto na kushusha sauti. Sauti ile ya chini ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Asubuhi mama mmoja alikuja, hata hakuzima gari. Ameniambia ana hakika mimi ni mtu mzuri, lakini mume wake hawezi kulala. Akachukua koti la mtoto na viatu vya mtoto. Mwingine alituma ujumbe. Mwingine hata ujumbe hakutuma. Nani aliwaambia, dada?"

"Mimi nilikutetea! Hukuona ile filamu, Jacky. Wamekufanya mnyama. Wamechukua wimbo wa mama..."

"Wao walichukua wimbo. Jina langu walikuwa hawana. Hilo umewapa wewe."

"Kwa hiyo ningenyamaza? Ningekaa pale nimekunja mikono, wanakuita muuaji?"

"Walikuwa wanamwita muuaji Joséphine! Nani hapa alimjua Joséphine? Nilikuomba jambo moja tu maishani mwangu. Moja. Nilikushika mikono, ukasema, sawa mdogo wangu." Jacqueline alimgeukia. "Walipokupigia makofi ulisikiaje? Sema kweli."

Honorata alitaka kusema hakusikia chochote. Lakini alikumbuka alivyotoka pale, kifua mbele, na uongo ukamkwama.

"Method alisoma kwenye kompyuta kazini," Jacqueline aliendelea. "Mtu mwingine alimwonyesha. Amerudi hapa, akaniuliza, huyu Bastien ni nani? Mume wangu ananiuliza mimi, Bastien ni nani. Na tangu jana analala chumba cha wageni. Si kwa ajili ya filamu. Anasema ameishi na mtu asiyemjua."

"Nitaongea naye."

"Usiongee na mtu yeyote! Umeongea ya kutosha!"

Mtoto mmoja akaamka akaanza kulia. Jacqueline alimwendea, akamwinua begani, akampapasa mgongo. Alifungua mdomo kama anayetaka kuimba, akaufunga. Alimtembeza kimya kimya kutoka dirishani hadi mlangoni mpaka aliponyamaza. Honorata aliona, akajua kwamba wimbo umetoka mikononi mwao, na chuki yake kwa yule mwanamke Mfaransa ikawa na ladha ya shaba mdomoni.

Siku mbili baadaye, Madame Gaudry aliomba kuonana na Jacqueline. Ombi lilipitia kwa waandaaji, likamfikia Akilah. Honorata alikuwa na hakika mdogo wake atakataa. Jacqueline alikubali. Alisema watakutana mchana, mahali penye watu, na dada yake anaweza kuja kwa sharti moja: asitoe neno.

Walikutana katika mgahawa wa kahawa huko Bethesda. Madame alisimama, akanyoosha mkono. Jacqueline hakuupokea. Aliketi, akaweka mkoba mapajani, akaanza kuongea Kifaransa, kile alichojifunza katika nyumba ile ile, na Akilah akamnong'onezea Honorata tafsiri.

"Nimekuja kukuomba msamaha," Madame alisema.

"Sijaja kwa msamaha. Nina swali. Jumapili ile ulikuwa wapi?"

Madame aligeuza kikombe chake. "Polisi waliniuliza."

"Mimi waliniuliza siku nyingi kuliko wewe. Sasa nakuuliza mimi."

Mwanamke yule alijibu akitazama meza. Alikuwa ghorofani, kwenye dirisha refu. Alikuwa anaongea na simu na mwanamume ambaye hakuwa mume wake. Alisikia maji yakipiga, akadhani ni Bastien anatupa mipira bwawani kama kawaida yake. Hakugeuka. Aliendelea kuongea, na kucheka. Alipogeuka, maji yalikuwa yametulia.

"Kwa miaka mingi kila nikifumba macho naliona dirisha lile," alisema. "Nilikuwa nakufa. Nikaanza kuandika. Na nilipoandika, sikuweza kujisimamisha pale. Kila nilipojaribu, mkono uligoma. Basi nikamsimamisha mtu mwingine, nikaweza kupumua."

"Mtu mwingine," Jacqueline alisema. "Mimi."

"Sikukusudia wewe. Nilihitaji sura tu."

Honorata alinyanyuka kitini nusu. Jacqueline alimtazama mara moja, naye akakaa, amejiuma ulimi.

"Mimi ndiye nilimfundisha kufunga vifungo," Jacqueline alisema, na sasa sauti yake ilisikika meza za jirani. "Mimi nilikaa naye usiku alipokuwa na homa, wewe uko kwenye karamu. Nilipofiwa naye hukuniita kwenye mazishi. Sikujua hata mlimzika wapi. Na wewe ulihitaji sura! Rudi pale jukwaani ukawaambie hayo uliyoniambia mimi."

Madame alianza kulia. "Siwezi. Mume wangu hajui. Na filamu si yangu tena. Ukitaka, nitaandika mahali kwamba Joséphine ni mtu wa kubuni..."

"Basi endelea kushindwa," Jacqueline alisema, akasimama. "Ila usiniite tena. Na usiseme kwa watu kwamba hujui nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa nampenda mwanao. Sasa umejua."

Alitoka bila kugeuka. Nje, kando ya gari, aliinama akashika magoti kama mkimbiaji, akavuta pumzi. Honorata alimsogelea amkumbatie. Jacqueline aliinua kiganja kumzuia.

"Bado, dada. Hasira yangu kwako ni yake yenyewe. Usidhani imeishia mle ndani."

Jumamosi iliyofuata Jacqueline aliwaita wazazi wote wa kituo, walioondoka na waliobaki. Alimwambia Method kwanza. Walikaa chumbani asubuhi nzima, na Method alipotoka macho yalikuwa mekundu, lakini alikwenda kupanga viti sebuleni mwenyewe. Honorata alikuja na sambusa. Alitaka kukaa mbele, awe shahidi kama zamani. Jacqueline alimpokea sahani mlangoni.

"Leo nasema mwenyewe," alimwambia. "Ngoja nje."

Honorata akangoja nje, kwenye ngazi za mlangoni, katika ubaridi wa Aprili. Alikuwa mkubwa wa familia, aliyemlea Jacqueline baada ya mama yao kufa, aliyemtafutia tiketi ya kuja Marekani, na sasa anafukuzwa mlangoni kama muuza vitu. Alikasirika. Alimkasirikia Madame, akamkasirikia mwandishi wa gazeti, na alipowamaliza wote alijikuta amebaki na Honorata aliyesimama ukumbini na kutangaza jina lisilo lake mbele ya watu wanaopenda kusisimkwa. Huyo hakuwa na wa kumtetea.

Ndani ilisikika sauti ya Jacqueline, tulivu, bila kukatizwa. Kisha maswali. Kisha mwanamume mmoja alitoka kwa hasira, mkewe nyuma yake, akapanda gari akasema kwa Kiingereza kwamba walipaswa kuambiwa tangu siku ya kwanza. Baada yao akatoka mama mwingine na kuondoka bila neno. Wengine walibaki.

Wa mwisho kutoka alikuwa Chelagat, nesi Mkenya aliyekuwa na mapacha kituoni. Alimkuta Honorata amejikunyata kwenye ngazi.

"Wewe ndio sister yake? Ule wa sinema?"

"Ndiye mimi."

"Ulikosea sana, mama," Chelagat alisema bila ukali. "Mimi watoto wangu watarudi Jumatatu. Lakini si juu yako. Ni juu ya vile ametuangalia kwa macho na kutuambia kila kitu, hata ile ya kulia mpaka akagonjeka. Wewe ungemwachia aseme saa yake."

"Najua," Honorata alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema hivyo kwa sauti.

Filamu ile ilionyeshwa wiki mbili zaidi mjini, kisha ikaenda miji mingine, na watu waliendelea kusisimkwa. Madame Gaudry hakusema chochote hadharani. Nafasi mbili za kituo zilikaa wazi mpaka kiangazi. Akilah aliandika malalamiko kwa gazeti, wakamjibu kwa adabu, jina likabaki pale pale.

Jioni ile ya mkutano wa wazazi, magari yote yalipokwisha kuondoka, Jacqueline alifungua mlango akamkuta dada yake bado amekaa. Alimtupia shali ya sufu mabegani, kwa mkono usio na upole.

"Msaidizi wangu ameacha kazi, anaogopa," alisema. "Jumatatu zako si za mapumziko?"

"Ni za mapumziko."

"Basi Jumatatu njoo mapema, kabla watoto hawajafika. Kuna nepi, kuna uji, kuna magodoro ya kufua." Aliangalia barabarani. "Lakini mambo ya filamu usiyaguse. Siku nikitaka kuyazungumza nitaanza mimi."

"Sawa," Honorata alisema, na safari hii hakuongeza kitu.